Ukigusa, Umecheza

"Aliye juu mngoje chini," alisema mwanamke mwenye mkono uliofungwa bandeji, akitaka kumfariji jirani yake wa benchi.

"Mdanganye mwingine," Bingwa alimjibu bila kugeuka. "Mimi nimemngoja miaka ishirini na miwili. Aliye juu hashuki. Wa chini ndiye anayeoza akingoja."

Mwanamke aliutazama mguu wa kushoto wa Bingwa, uliotiwa ndani ya mfuko wa plastiki na kufungwa kifundoni kwa utepe wa kitambaa, akasogea. Hakusogea kwa ubaya. Harufu ndiyo iliyomsogeza. Benchi lilikuwa la watu sita. Kufikia saa tatu asubuhi Bingwa alikuwa na nafasi ya watu watatu peke yake, na waliosimama walipendelea kuendelea kusimama.

Donda lilianza kama lengelenge la kiatu, miezi minne nyuma. Mwenye kisukari hana jeraha dogo, lakini hakumwambia mtu, na alipokuja kusema, vidole viwili vilikuwa vyeusi kama vilivyochovywa kwenye wino. Binti wa kaka yake, fundi cherehani aliyekuwa akikaa naye, alichukua chaki yake ya kazi akachora mstari pale weusi ulipoishia. Kila asubuhi alichora mwingine. Asubuhi ya leo mstari ulikuwa umevuka katikati ya unyayo.

"Kadi," alisema muuguzi wa dirishani.

Bingwa akaipitisha chini ya kioo.

"Hii ni ya kijani. Daktari wa mishipa anaona kadi za buluu, Jumanne. Za kijani foleni yake..." Muuguzi alifunua daftari, akafunua tena. "Mwezi wa tisa."

"Huu ni mwezi wa sita."

"Najua kuhesabu, mama."

"Mguu ndio haujui."

Muuguzi aliinuka kidogo kwenye kiti, akachungulia chini ya dirisha. Alipokaa tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kadi ya buluu wanapewa wabunge, wanajeshi waliostaafu, na waliowahi kuliwakilisha taifa. Wewe hukuwahi hata kukimbia na gunia shuleni?"

"Nilikuwa bingwa wa taifa wa sataranji. Miaka saba."

"Sata nini?"

"Mchezo wa ubao. Wafalme na askari."

"Aa. Ule wa watu wanaokaa kimya kama wamefiwa."

"Huo huo."

"Basi nenda chama chenu wakuandikie barua. Iwe na muhuri, usiniletee maneno matupu. Na fanya haraka. Zikipita wiki mbili, hata hiyo buluu itakusaidia kuchagua tu pa kukatiwa." Akagonga kioo kwa kalamu. "Mwingine!"

*

Chama cha Sataranji kilikuwa ghorofa ya pili, na ngazi zake Bingwa alizijua moja moja, kwa kuwa alizipiga deki tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Aliajiriwa pale kwa ndoo na tambara. Mchezo aliujifunza kwa pembe ya jicho, akifuta meza za mabwana ambao hawakumwona, mpaka siku moja wawili kati yao walipouacha mchezo katikati wakaenda kula. Alikuwa peke yake. Akasogeza farasi mmoja, akaendelea kufuta. Waliporudi walikaa nusu saa wakimtafutia mfalme pa kutorokea. Hapakuwa na pa kutorokea.

Leo alizipanda ngazi hizo kwa makalio, moja baada ya nyingine, kinyumenyume, mguu ukining'inia.

Kwenye ukuta wa ofisi ulikuwepo ubao wa mabingwa, maandishi ya dhahabu juu ya mbao nyeusi. Mwaka na jina, mwaka na jina. Halafu, miaka saba mfululizo: HAPAKUWA NA BINGWA. Miaka hiyo saba ilikuwa yake.

Kosa lake lilijulikana na kila mtu. Chama kilikuwa na desturi. Kila mwaka, kabla ya mashindano kufunguliwa, mgeni rasmi hucheza na bingwa. Hatua kama kumi hivi. Kisha bingwa humlaza mfalme wake mwenyewe kwa kidole kimoja, akasimama, akainama, wapiga picha wakafanya kazi yao. Waliuita mchezo wa heshima. Bingwa alilaza mara sita. Mwaka wa saba mgeni rasmi alikuwa yule yule mkubwa aliyefuta jina lake kwenye msafara wa kwenda kushindana ng'ambo, akamwandika shemeji yake, mtu asiyejua farasi anatembea vipi. Mwaka huo Bingwa hakulaza. Alimnasa mfalme wa mkubwa kwa hatua kumi na nne, mbele ya ukumbi mzima, akaondoka bila kuinama.

Mwenyekiti wa sasa, enzi hizo karani, ndiye aliyepewa ngazi na kopo la rangi nyeusi. Mpanda ngazi hushuka, husemwa. Huyu alishuka na cheo.

"Karibu, bibi," alisema Mwenyekiti. "Usikae hapo, hicho kiti ni cha kitambaa. Katibu, mpe kile cha plastiki."

Katibu alileta kiti cha plastiki bila kumtazama Bingwa usoni. Alikuwa mtu mzima sasa, mwenye mvi za pembeni na tumbo la ofisini, lakini Bingwa alikuwa amemfundisha tangu ana miaka tisa, na bado aliona ile tabia yake ya kuficha mikono anapoogopa.

"Nimekuja kwa ajili ya barua," alisema Bingwa.

"Nimeambiwa. Sasa niandike nini? Kwamba uliliwakilisha taifa mwaka ambao ubao unasema hapakuwa na bingwa? Unataka niidanganye serikali?"

"Ubao mliuandika ninyi."

"Ubao ni ubao." Mwenyekiti alifungua dirisha lililokuwa nyuma yake, akavuta hewa kwa makusudi. "Lakini mimi si mtu wa kinyongo. Jumamosi Mheshimiwa, mkubwa wetu wa sasa, anatufungulia mashindano, na yeye anapenda sana wazee. Amesema, 'Yule mama aliyewasumbua yuko wapi? Mleteni tusameheane.' Basi utacheza naye mchezo wa heshima. Utalaza mfalme. Halafu utasoma hii."

Ilikuwa karatasi moja, imepigwa chapa. Bingwa aliisogeza mbali na macho ili aweze kuiona. *Mimi, niliyekuwa mfanya usafi wa Chama, naomba radhi kwa utovu wa adabu niliouonyesha...*

"Hapa hamkuandika kwamba nilikuwa bingwa."

"Ukishaomba radhi, utakuwa. Jumatatu fundi wa rangi anapanda ngazi, Katibu anapiga muhuri, Jumanne uko kwa daktari. Mimi nikisema kitu, kimesemwa."

"Kulaza na kusoma, vyote viwili?"

"Vyote viwili."

"Kimoja."

Mwenyekiti akacheka, akamgeukia Katibu. "Unamsikia? Ananuka hadi kwenye faili zangu, na bado anajadiliana! Tulimtoa kwenye ndoo huyu. Ndoo imetoka, kiburi kimebaki." Kisha uso wake ukafunga. "Vyote viwili, bibi. Ama rudi ukangoje mwezi wa tisa."

Bingwa aliutazama mfuko wa plastiki mguuni mwake. Ndani yake maji yalikuwa yameanza kujikusanya.

"Nitalaza," alisema.

Katibu ndiye aliyemsindikiza mpaka kwenye ngazi. Walipokuwa hawasikiki akasema, "Mwalimu, umefanya jambo la busara."

"Vidole vyako vinaendeleaje?"

"Vidole?"

"Nilivipiga sana na rula."

Katibu alicheka, na kwa mara ya kwanza akamtazama. "Kugusa ni kucheza. Ukigusa kete, umeicheza, hata kama inakuua. Lo, Mwalimu! Mpaka leo nikishika chumvi mezani naogopa kuirudisha."

*

"Laza," alisema fundi cherehani.

Bingwa akamlaza mfalme.

"Tena. Bila kukunja uso."

Walikuwa wamekaa sakafuni, ubao mkuukuu kati yao, vipande vya vitambaa vimesukumwa ukutani. Chumba kilikuwa kimoja. Cherehani ilikaa karibu na mlango kwa ajili ya mwanga, kitanda cha shangazi nyuma ya pazia, godoro la binti chini ya meza ya kukatia. Zamani wateja waliingia kujipima. Sasa walisimama nje na kuongea kupitia dirishani, na wiki hii mama mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake hakijakatwa hata kidogo, akasema tu, "Samahani mwanangu, ni cha harusi."

"Nimelaza," alisema Bingwa. "Umeona nimelaza."

"Umelaza kama unayemzika mtu. Hiyo sura yako ndiyo iliyotufikisha hapa. Tena."

"Mtoto wewe, nimekunyoa kichwa ukiwa na chawa."

"Na mimi nakuosha usaha kila siku, tumelipana. Tena, Shangazi."

Akalaza tena. Binti akaufunua mguu, akachukua chaki. Mstari wa jana na mstari wa leo ilipishana kwa upana wa kidole.

"Baba alikufa akisema, dada yangu ana kichwa, dada yangu ana kichwa," alisema binti, akichora. "Kichwa hicho hicho ndicho kinachokula mguu. Ungelaza kile kijiti mwaka ule, leo ungekuwa na pensheni, na mimi ningekuwa na chumba cha kupimia."

"Walimpeleka mtu asiyejua farasi anatembea vipi."

"Akaenda, akarudi, akafa kwa uzee kitandani kwake, akiwa na miguu yake yote miwili. Wewe unajua farasi anatembea vipi. Wewe mwenyewe utatembea vipi?"

Bingwa alimsimamisha mfalme mahali pake, akanyoosha kidole, akamlaza taratibu, uso mtupu kama sahani iliyooshwa.

"Hivyo," alisema binti. "Hivyo hivyo. Usiongeze kitu."

*

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa. Walimketisha Bingwa mapema, kabla watu hawajaingia, wakatandika kitambaa kirefu mezani ili mguu usionekane. Mtu alikuwa amemwaga marashi chini ya meza. Yalichanganyika na harufu ya mguu yakaifanya kuwa mbaya zaidi, tamu kama tunda lililosahaulika kabatini.

Mheshimiwa aliingia na watu wake, akapigiwa makofi, akashika mkono wa Bingwa kwa mikono yake miwili na kugeuza uso kwa wapiga picha.

"Bibi, unionee huruma," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nimesikia huna heshima kwa wakubwa." Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti, aliyesimama nyuma ya kiti cha Mheshimiwa, ndiye aliyecheka kwa muda mrefu zaidi.

Katibu alikaa ubavuni mwa meza. Yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi.

Walicheza. Mheshimiwa alijua kete zinavyokwenda, si zaidi ya hapo. Bingwa alicheza kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yenye watoto waliolala. Aliona njia ya kumnasa katika hatua ya sita, akaipita. Akaiona nyingine katika hatua ya nane, akaipita nayo. Alikuwa anahesabu siku: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Safu ya mwisho, binti wa kaka yake alikuwa amesimama juu ya ncha za vidole, amevaa gauni alilolishona kwa ajili ya siku hii, na kila Bingwa alipoinua macho alimwona akiitikia kwa kichwa polepole, kama anayembembeleza mtoto: hivyo, hivyo hivyo.

Hatua ya kumi ilikuwa ya Mheshimiwa. Baada yake, Bingwa angelaza.

Mheshimiwa alimshika malkia wake. Alimwinua, akampeleka upande wa kulia, juu ya mraba uliokuwa mdomoni mwa farasi wa Bingwa, akamning'iniza hapo. Nyuma yake Mwenyekiti alikohoa. Mheshimiwa akasita. Akamrudisha malkia alipokuwa, akasukuma askari mmoja mbele, akajiegemeza kwenye kiti.

"Umemshika," alisema Bingwa.

Hakuwa amepanga kusema. Mdomo ulitangulia, kama mkono unavyotangulia kudaka kikombe kinachoanguka. Miaka arobaini alikuwa amelisema neno hilo, kwa watoto, kwa mabwana, kwa mabingwa wa nchi nyingine, na lilitoka kwa sauti ile ile, bila ukali, bila hasira, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba kifungo chake kimefunguka.

"Nini?" aliuliza Mheshimiwa.

"Malkia. Umemshika, basi lazima umcheze."

Mahali fulani mtu alicheka, akajikamata.

Mheshimiwa alitabasamu kwa wapiga picha. "Mwamuzi," alisema, "mimi nilimshika malkia?"

Katibu alikuwa ameishusha mikono yake chini ya meza. Alikuwa amekaa umbali wa dhiraa moja. Alitazama ubao, akamtazama Mwenyekiti, akatazama ubao tena.

"Sikuona," alisema.

"Haya. Macho ya uzeeni hayo, bibi. Endelea, zamu yako."

"Zamu yangu haijafika," alisema Bingwa.

Mwenyekiti aliinama mpaka mdomo wake ukawa sikioni mwake. Aliendelea kutabasamu. "Laza," alinong'ona. "Jumanne, bibi. Jumanne."

Bingwa alimtazama mfalme wake. Kidole kilikuwa tayari, kilikuwa kimefanya mazoezi wiki nzima. Chini ya kitambaa mguu ulipiga kama moyo wa pili.

"Nitalaza," alisema, na hakunong'ona. "Nimekuja kulaza, wala sikatai. Amcheze malkia kwanza. Simli huyo malkia, nitamwacha hapo hapo alipo. Ila acheze alichokishika, halafu mimi nitalaza."

"Yaani mimi nimweke malkia mdomoni mwa farasi mbele ya kamera zote hizi?" alisema Mheshimiwa. Tabasamu lilikuwa limebaki kwenye meno tu. "Ili mseme nini kesho?"

"Watasema ulicheza."

"Mwenyekiti, huyu bibi ana akili timamu? Nina kikao saa sita."

Bingwa aliiweka mikono yake mapajani, akangoja. Huko nyuma, binti wa kaka yake alikuwa amejifunika mdomo kwa viganja viwili. Dakika moja ikapita. Mheshimiwa alitazama saa yake. Dakika nyingine. Mtu akaburuta kiti.

Ndipo Mwenyekiti aliponyoosha mkono wake juu ya bega la Bingwa, kama anayemkumbatia, na kwa kidole chake mwenyewe, chenye pete, akamsukuma mfalme wa Bingwa. Kamera zikamulika. Watu wakapiga makofi, kwanza wachache, kisha wote. Mheshimiwa akasimama na kupunga mkono. Mfalme hakulala vizuri. Alibiringika, akaufikia ukingo wa meza, akaanguka sakafuni ambako Bingwa alipiga deki miaka kumi na moja, na watu wa Mheshimiwa wakapita juu yake wakitoka.

*

Mguu ulikatwa chini ya goti, siku ya kumi na mbili baada ya Jumamosi ile, katika wodi ya kadi za kijani. Vitanda vilikuwa kumi na sita, wagonjwa ishirini na tisa. Bingwa alilala na mama mwenye mapafu mabovu, kichwa kwa miguu, na mama huyo alimwambia siku ya kwanza, "Afadhali wewe. Unachukua nafasi ndogo." Walicheka wote wawili, mpaka mama akashikwa na kikohozi.

Gazeti lilimfikia likiwa limefungia maembe ya mgonjwa mwingine. Picha ilikuwa kubwa. Mkono wa Mwenyekiti ulikuwa umekatwa kwenye ukingo wa picha, kikabaki kidole tu, na pete haikuonekana. Mtu asiyejua angedhani ni kidole cha Bingwa. BINGWA WA ZAMANI ASALIMU AMRI.

Siku ya ishirini na tatu, Jumatatu, Katibu alikuja, baada ya chakula cha mchana. Fundi cherehani alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Chaki ilikuwa mkononi, kwa sababu mshono haukupona. Weusi ulikuwa umetokea upande wa pili wa nyuzi na kuanza safari upya. Mstari wa leo ulikuwa juu ya goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

Bingwa hakuitikia. Binti akaitikia kwa niaba yake, maana kutoitikia shikamoo ni kumlaani mtu.

"Mwenyekiti amekukumbuka," alisema Katibu. "Kuna kiti cha magurudumu. Kipya kabisa, kiko hapo mlangoni. Na barua nimekuja nayo, Mwalimu, yenye muhuri. Kesho Jumanne, daktari wa mishipa atakuona. Nimezungumza naye mwenyewe."

Binti aligeuza kichwa upesi. Kweli, mlangoni kiti kilikuwepo, kimefungwa utepe mwekundu. Mpiga picha alikuwa amekikalia, miguu yake imekunjwa nne, akila karanga.

"Na mimi natakiwa kuandika nini?" aliuliza Bingwa.

Katibu akaitoa karatasi ya pili. "Ni ile ile. Wameongeza sentensi moja tu, kwamba siku ile ulikosea kuona. Huna haja ya kusoma mbele za watu. Saini tu. Hata dole gumba linatosha."

Hapakuwa na meza. Aliiweka karatasi juu ya shuka, pale ambapo mguu ungekuwa, na ikalala bapa.

"Ulikaa umbali gani na meza?" aliuliza Bingwa.

"Mwalimu..."

"Nakuuliza umbali."

"Karibu."

"Uliona?"

Katibu aligeuka kumwangalia mpiga picha, akashusha sauti. "Niliona."

"Liandike hilo, uliwekee muhuri."

"Nina watoto wanne, Mwalimu. Nyumba ya Chama. Nikiandika hilo, kesho tunalala nje. Wewe ulikuwa peke yako, uliweza kuchezea maisha yako."

"Hakuwa peke yake," alisema binti, na sauti yake ikapanda mpaka vitanda vya jirani vikageuka. "Peke yake vipi? Nani anayemwosha? Wateja wa nani waliokimbia? Shangazi, nisikilize mimi, siyo huyu. Heshima haifungi kidonda. Wao ni waongo, sawa. Waongo wenye daktari! Wakikata tena watakata hapa." Akaligonga paja la shangazi yake kwa chaki, likabaki na doa jeupe. "Na baada ya hapa hakuna pa kukata. Saini. Utawatukana ukipona, na mimi nitakusaidia matusi."

Mama mwenye mapafu mabovu, kutoka upande wa pili wa kitanda, akasema, "Saini, dada. Karatasi haiumi."

Katibu aliitoa kalamu mfukoni, akaifungua, akaiingiza katikati ya vidole vya Bingwa, polepole, kwa heshima yote. Vidole vikaifumbata.

Binti aliona. Macho yake yakajaa machozi na ujanja kwa pamoja. "Umeishika kalamu, Shangazi," alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Kugusa ni kucheza."

Mlangoni, mpiga picha alijifuta vidole kwenye utepe mwekundu, akainua kamera yake.

Bingwa aliitazama kalamu mkononi mwake. "Kweli," alisema. "Nimeishika."

Akaisogeza karatasi karibu. Aliandika taratibu, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, chini kabisa, mahali palipoachwa kwa ajili ya saini. Alipomaliza, akaifunga kalamu kwa kifuniko chake, akamrudishia Katibu, na karatasi juu yake.

Katibu alisoma. Mikono yake ikaenda kujificha, ikakosa pa kujificha, kwa kuwa ilikuwa imeshika karatasi.

"Ameandika nini?" aliuliza binti. "Kaka, ameandika nini?"

Katibu aliikunja karatasi mara mbili.

"Nimecheza," alisema Bingwa. "Mpelekee Mwenyekiti. Nimeandika, siombi radhi."